Mji haujarudi

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu nzima na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu au gazeti limenimeza. Hapana jamani. Dada yangu alijifungua. Mtoto wa kiume, kilo 3.5, kelele za kutosha mtaa mzima, na kwa siku kumi za mwanzo nyumba yetu ilikuwa mtori, uji wa pilipili manga na wageni wasiokwisha. Siku ya 11 mambo yakageuka.

Mimi ni mwanamume, na katika nyumba yetu mambo ya uzazi mwanamume huyasikia kupitia ukutani. Kwa hiyo nilisikia kupitia ukutani kwamba damu iliyokuwa imeanza kufifia na kuwa ya kahawia imerudi kuwa nyekundu. Shangazi alisema ni uchafu, acha utoke, ukizuiwa utamdhuru. Alitaka maji ya moto yaongezwe na mkandaji aje mara mbili kwa siku. Bibi, ambaye alikuwa ametoka Pangani kuja kumlea mzazi, hakusema kitu. Aliweka kiganja chake chini ya kitovu cha dada, akabonyeza taratibu, akanyamaza, akabonyeza tena. Kisha akasema: "Huyu mji wake haujarudi. Mpelekeni."

Hatukumpeleka. Nakiri hapa hadharani. Tulibishana siku moja na nusu. Shangazi ana watoto sita na sauti kubwa, bibi ana miaka themanini na kitu na sauti ndogo, na mimi nina shahada ya chuo kikuu ambayo haikunisaidia chochote. Alfajiri ya siku ya 13 dada alilowanisha kanga mbili kwa mpigo akaanguka mlangoni pa bafu. Teksi, hospitali, ultrasaundi, chupa mbili za damu. Ndani ya mji wa mimba kulikuwa na kipande cha kondo la nyuma kilichobaki. Daktari aliyekitoa alituambia kilikuwa kidogo, kama ukucha wa dole gumba.

Dada yu hai, anaendelea vizuri, tumshukuru Mungu. Lakini nilikaa kwenye lile benchi nje ya wodi kwa saa nyingi, na mtu wa gazeti akikaa sana bila kazi huanza kuuliza maswali. Bibi alijuaje? Hajawahi kusoma hata darasa la pili. "Mji haujarudi" ni maneno gani hayo? Na watu wengine, mahali pengine, walilijua jambo hili tangu lini? Nilianza kusoma kwenye simu palepale benchini. Hiki ndicho nilichotoka nacho.

Tuanze na mji wenyewe, kwa sababu nimegundua kwamba sisi vijana tuliosoma tunajua zaidi namna injini ya gari inavyofanya kazi kuliko kitu hiki tulichotoka ndani yake. Mji wa mimba usio na mtoto ni mdogo, kama ngumi ya mtoto, gramu 50 hadi 70 hivi. Siku ya kujifungua misuli yake peke yake, bila mtoto wala kondo, ina uzito wa karibu kilo moja. Mimba ikifikia mwisho, damu inayopita humo ni zaidi ya nusu lita kila dakika. Kila dakika! Mwili mzima wa mwanamke una lita tano au sita tu. Kondo likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha inabaki wazi. Piga hesabu mwenyewe.

Kinachomwokoa mama si kuganda kwa damu, au tuseme si hilo kwanza. Ni misuli. Nyuzi za misuli ya mji zimepishana kama ukili wa mkeka, na mishipa ya damu inapita katikati yake. Misuli ikijikaza, mishipa inanyongwa. Ndiyo maana mkunga hubonyeza tumbo baada ya kuzaa akitafuta kitu kigumu kama mpira karibu na kitovu. Akikikuta kigumu, anashukuru. Akikuta laini, kama unga uliokandwa, hapo pana hatari. Baada ya hapo mji hushuka taratibu, karibu upana wa kidole kimoja kila siku. Wiki moja, uzito umebaki nusu. Wiki mbili, umeshajificha nyuma ya mfupa wa kinena na mkono hauupati tena kwa juu. Wiki sita, umekaribia ulivyokuwa mwanzo. Na pale kondo lilipokuwa limeshika hapaachi kovu, ngozi ya ndani hujimenya na kujijenga upya, jambo ambalo sehemu nyingi za mwili wetu haziwezi.

Sasa, pakibaki kipande cha kondo, au wadudu wakiingia, au pakiwa na uvimbe, ile safari inakwama. Mji unabaki mkubwa na laini kuliko siku zake. Mishipa ambayo ingepaswa kuwa imefungwa inabaki na mwanya. Mama anaonekana mzima, anacheka, anapokea wageni, halafu katika wiki ya pili damu inarudi. Madaktari wanauita uvujaji wa damu wa pili, ule unaotokea baada ya saa 24 za kwanza hadi wiki 12. Kwa hiyo bibi alipoweka kiganja siku ya 11 na kuukuta mji bado uko juu, alikuwa anasoma kalenda. Kidole kimoja kwa siku. Alijua unapaswa uwe wapi, na haukuwapo.

Kalenda hiyo ni ya zamani kuliko hospitali zote. Wanawake wa pwani wanaijua kwa jina la arobaini, na wanazuoni wa Kiislamu waliijadili kwa karne nyingi chini ya neno nifasi, yaani damu ya uzazi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, nifasi kwa kawaida ni siku 40 na ukomo wake ni siku 60. Damu inayovuka hapo haihesabiwi tena kuwa nifasi, ni istihadha, damu ya ugonjwa. Waliandika hayo kwa ajili ya sala na funga, si kwa ajili ya tiba. Lakini nilipoyasoma nilitikisa kichwa: wiki sita za vitabu vya uzazi ni siku 42. Mtu aliyekuwa anahesabu kwa ajili ya sala na mtu aliyekuwa anahesabu kwa mizani walifika karibu mahali pamoja.

Tutoke pwani kidogo, twende London. Mwaka 1797 aliishi huko mwanamke aitwaye Mary Wollstonecraft, mwandishi, umri miaka 38. Miaka mitano kabla alikuwa ametoa kitabu cha kudai haki za wanawake ambacho hadi leo wanafunzi wa sayansi ya siasa wanakisoma (wengine tulikisoma usiku wa kuamkia mtihani). Usiku wa tarehe 30 Agosti alijifungua mtoto wa kike. Alitaka mkunga mwanamke, akampata Bi Blenkinsop, mkunga mkuu wa hospitali ya wazazi ya Westminster. Mtoto akatoka salama. Kondo halikutoka. Saa zikapita, akaitwa daktari, Poignand, naye akaingiza mkono na kulitoa vipande vipande, mama akizimia na kuzinduka. Daktari akatangaza kwamba amemaliza. Hakuwa amemaliza.

Mumewe, William Godwin, alichapisha habari hizo mwaka uliofuata bila kuficha mengi, na watu wa London walimshambulia kwa kuanika mambo ya chumbani. Mimi namshukuru. Ni kwa sababu yake tunajua kwamba siku chache za kwanza mama alionekana kupona, wakafurahi, halafu zikaja baridi za kutetemesha kitanda. Tunajua pia kwamba walimkataza kumnyonyesha mtoto, na ili kupunguza maziwa wakaleta watoto wa mbwa wamnyonye. Ndiyo, umesoma sawasawa. Alikufa tarehe 10 Septemba, siku ya 11. (Niliisoma hiyo namba mara tatu pale benchini.) Mtoto alikua akawa Mary Shelley, yule aliyeandika Frankenstein, kitabu cha mtu anayeumba kiumbe bila mama.

Kinachouma ni kwamba miaka miwili tu kabla, mwaka 1795, daktari mmoja wa Aberdeen, Alexander Gordon, alikuwa ameshaandika kwamba homa ya uzazi inabebwa kutoka kwa mzazi mmoja hadi mwingine kwa mikono ya wakunga na madaktari, akijihesabu na yeye mwenyewe. Hawakumpenda kwa hilo. Semmelweis wa Vienna alikuja kusema jambo linalofanana mwaka 1847, akawaamuru wanafunzi wake waoshe mikono kwa maji ya klorini, vifo vikashuka, na bado wakubwa zake wengi hawakumsikiliza.

Miaka 20 baada ya Mary, hukohuko Uingereza, ilikuja zamu ya binti mfalme. Charlotte alikuwa mrithi wa kiti cha enzi. Novemba 1817 alikaa kwenye uchungu kama saa 50, mtoto akazaliwa mfu, kondo likakataa kutoka, likatolewa kwa mkono, na saa chache baadaye Charlotte naye akafa. Wengi waliochambua kumbukumbu zake wanaamini alivuja damu, nyingi ikiwa kwa ndani. Uchunguzi wa maiti ulikuta damu ndani ya mji. Daktari wake, Richard Croft, alijipiga risasi miezi michache baadaye. Taifa likabaki bila mrithi wa kizazi kile, na watoto wa kiume wa mfalme, wazee wenye vimada, wakakimbizana kutafuta wake halali. Katika mbio hizo alizaliwa Victoria, mwaka 1819. Ndiye ambaye Speke alilipa jina lake ziwa letu mwaka 1858. Wasukuma, Wahaya, Waganda na Wajaluo walikuwa na majina yao kwa ziwa hilo. Lililoandikwa kwenye ramani ni jina la mtu ambaye asingezaliwa kama Charlotte angepona uzazi wake. Wakati mwingine historia ni ya ajabu kiasi cha kukufanya ucheke hospitalini.

Na tukiwa hapohapo kwenye ziwa, hiki kisa kinachofuata ndicho kilichonifanya nisimame kwenye benchi nikatembea. Mwaka 1879, Mwingereza aitwaye Robert Felkin alikuwa akisafiri katika nchi ambayo leo ni Uganda. Mahali paitwapo Kahura, Bunyoro, alishuhudia mganga akimpasua mwanamke wa miaka kama 20 kumtoa mtoto. Mwanamke alinyweshwa mvinyo wa ndizi hadi akalewa nusu. Mganga akanawa mikono kwa mvinyo huohuo, akaosha na tumbo la mgonjwa. Akapasua kwa kisu, msaidizi akachoma kwa chuma cha moto palipovuja damu. Mtoto akatolewa. Halafu, na hapa ndipo ninapotaka utulie, mganga akaangusha kisu, akaukamata mji wa mimba kwa mikono miwili, akaubana. Mara moja, mara mbili. Kisha akaingiza mkono, akatanua mlango wa mji kwa ndani ili damu ipate njia ya kutokea, akasafisha mabonge na kondo lote. Ukuta wa mji hakuushona. Aliuacha ujikaze wenyewe. Tumbo akalifunga kwa pini saba za chuma na nyuzi za magome, akapaka dawa ya mizizi, akafunika kwa jani la mgomba. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Siku ya 11 tena!

Felkin aliyachapisha hayo Edinburgh mwaka 1884, na michoro yake. Wapo waliomtilia shaka baadaye, na mwandishi wa habari mwaminifu lazima aseme hivyo. Lakini angalia wenzao wa Ulaya walikuwa wapi. Miaka mitatu tu kabla ya siku ile ya Kahura, mwaka 1876, Eduardo Porro wa Pavia, Italia, aliona njia pekee ya kumzuia mama asife kwa damu baada ya upasuaji ni kuukata mji wote na kuutupa, na watu wakampongeza. Wazo la kuushona vizuri lilienezwa na Max Sänger wa Leipzig mwaka 1882. Yule mganga hatujui jina lake. Felkin hakuliandika. Aliandika jina la kijiji, aina ya kinywaji, idadi ya pini, na jina la mtu aliyefanya kazi yenyewe akaliacha. Miaka mingi ya kufanya kazi gazetini imenifundisha kwamba mtu ambaye jina lake halikuandikwa mara nyingi ndiye aliyekuwa na habari. (Sawa, miaka mitatu. Lakini ni mingi.)

Jambo hilohilo linajirudia kwenye dawa. Kuna kuvu mweusi anayeota kwenye nafaka ya Ulaya iitwayo rai, jamaa ya ngano. Anaitwa ergoti. Waliokula mkate wenye kuvu huyo kwa wingi waliungua vidole kwa ndani mpaka vikaoza na kudondoka, vijiji vizima, wakauita moto wa Mtakatifu Antoni. Lakini wakunga wa Ujerumani walijua kwamba punje chache hukaza mji. Adam Lonitzer aliandika habari hiyo katika kitabu chake cha mimea mwaka 1582, akiwataja wanawake kama watumiaji. Zaidi ya miaka 200 baadaye, daktari wa Marekani, John Stearns, akajifunza kwa mkunga mhamiaji wa Kijerumani, akatuma barua kwenye jarida la New York mwaka 1808, na dawa ikawa "yake". Madaktari wakaipenda kwa sababu iliharakisha uchungu wakawahi kurudi nyumbani. Watoto wakaanza kufa tumboni kwa kubanwa. Mwaka 1824 David Hosack akalia kwamba unga wa kuzalisha umegeuka unga wa kuua, akashauri utumike tu baada ya mtoto kutoka, kuzuia damu. Ushauri huo kwa ergoti ni uleule hadi leo.

Mwaka 1932, John Chassar Moir wa London alitaka kujua hasa ni kitu gani ndani ya ergoti kinachofanya kazi. Alichofanya: aliwaomba kina mama waliojifungua kama wiki moja hivi iliyopita, akaweka kipira kidogo ndani ya mji, akakiunganisha na kalamu inayochora kwenye karatasi. Kemikali zilizokuwa zikisifiwa zilichora mistari ya polepole. Maji machafu ya ergoti, yale ya kizamani yaliyodharauliwa, yalichora mlima ghafla. Aliuita kwa heshima ya Stearns. Yule mkunga wa Kijerumani? Hana mlima. Mwaka 1935 Moir na mkemia Harold Dudley wakaitenga kemikali yenyewe, ergometrini, karibu wakati mmoja na maabara nyingine tatu za Marekani na Uswisi.

Sindano iliyotawala baadaye ilitoka kwingine. Henry Dale, mwaka 1906, akiwa anachunguza hiyohiyo ergoti, aliona kwamba majimaji ya tezi iliyo chini ya ubongo yanakaza mji wa paka. Ni oksitosini, ile ambayo mwili wa mama humwaga wenyewe mtoto anaponyonya. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953 na kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955. Kwa hiyo mama anayenyonyesha na kusikia tumbo linamkata kwa chini, lile ambalo wazee wetu wanaliita chango, anajidunga sindano ya Nobel bila malipo. Rudi sasa kwa Mary Wollstonecraft na wale watoto wa mbwa. Waliletwa kupunguza maziwa tu. Bila kujua, pengine walimletea mji wake kitu pekee kilichokuwa upande wake, ila kondo lilikuwa limeshabaki na wadudu walikuwa wameshaingia.

Oksitosini ina tabia moja mbaya kwetu: inataka jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa muda mrefu kwenye joto zahanati, dawa inaonekana ileile na nguvu imepungua. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2018, wanawake karibu 30,000 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kwamba ndugu yake, kabetosini isiyoogopa joto, inazuia damu kwa kiwango ambacho hakipishani nayo. Imechukua zaidi ya miaka 60 tangu Nobel kufikiria chumba kisicho na jokofu.

Sasa Kigoma. Wengi wetu hatulijui jina la Dk. Godfrey Mbaruku na ni aibu. Miaka ya 1980 katika hospitali ya mkoa Kigoma kina mama walikuwa wakifa mno: mwaka 1984 ilikuwa 933 kwa kila watoto hai 100,000. Mbaruku na wenzake hawakusubiri mfadhili. Walichunguza kila kifo bila kulindana, wakapanga upya kazi, wakahimiza uchangiaji damu, wakakarabati walichonacho. Mwaka 1991 idadi ilikuwa 186. Imeandikwa kwenye jarida la kimataifa la mwaka 1995, na mimi nimesoma historia ya Bismarck miaka minne shuleni bila kulisikia hilo hata siku moja.

Lakini wengi walikuwa wakizalia nyumbani, na nyumbani hakuna chombo cha kupimia damu. Damu imwagikayo sakafuni usiku, kwenye mwanga wa kibatari, hakuna anayeweza kuikadiria. Mbaruku, akishirikiana na Ndola Prata wa California, akauliza swali ambalo angeweza kuuliza mtu aliyezaliwa huku tu: wakati wa kuzaa, wanamtandikia mama nini? Kanga. Na kanga ya dukani ina kipimo kinachofanana, mita moja kwa mita moja na nusu hivi. Wakapima. Kanga mbili zikilowa, damu imefika nusu lita, mstari wa hatari wa kitabuni. Wakawafundisha wakunga wa jadi: ya pili ikilowa, usingoje, toa vidonge vya misoprostoli. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Kati ya waliovuja damu, walipokuwa na vidonge asilimia 2 walilazimika kupelekwa hospitali. Palipokuwa hakuna, asilimia 19.

Kanga mbili. Yaani doti moja. Kila mwanamke wa Tanzania anajua doti ni nini, na tulikuwa nayo ndani ya nyumba yetu, imelowa, asubuhi ile mlangoni pa bafu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba tunatazama kipimo.

Mwaka 2023 ulitoka utafiti mwingine, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Safari hii chini ya mama waliweka mfuko wa plastiki wenye mistari ya kipimo, na damu ikivuka mstari wafanyakazi wafanye mambo yote kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe: kukanda mji, dawa ya kukaza, asidi ya traneksamiki, dripu, uchunguzi. Uvujaji mkubwa na madhara yake ulipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki ndiyo kanga ya Kigoma iliyovaa suti. Na nchini, takwimu za taifa zilizokuwa 556 katika utafiti wa 2015–16 zilishuka hadi 104 katika ule wa 2022. Ni habari njema, japo damu ya wiki ya pili, ya nyumbani, baada ya karatasi ya ruhusa kusainiwa, haina mfuko chini yake. Pale unabaki na kiganja cha bibi na ubishi wa shangazi.

Nisimwonee shangazi. Mambo mengine aliyoyashikilia yana asili ya heshima. Mwaka jana tulipopokea mahari ya dada huyuhuyu, upande wa bwana harusi walileta bahasha iliyoandikwa "mkaja wa mama", sisi vijana tukacheka tukidhani ni mbinu ya wazee kuongeza bei. Mkaja ni kile kitambaa ambacho mzazi hufungwa tumboni baada ya kujifungua. Kwa hiyo mkwe anamlipa mama mzaa chema kwa siku alizojifunga kitambaa kwa ajili ya yule anayeolewa leo. Ubeleko nao ni vivyo hivyo, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Desturi imeweka mwili wa mama ndani ya hesabu za ndoa, waziwazi, mbele ya wajumbe wenye vibaraghashia. Kitabibu mkaja haurudishi mji. Unashikilia ngozi na misuli ya tumbo iliyolegea na kumpa mama faraja ya mgongo, basi. Maji ya moto nayo hayatoi kipande cha kondo. Yanaweza kumpa mtu usingizi mzuri na siku moja na nusu ya kuchelewa.

Nilimuuliza bibi, tuliporudi nyumbani, kwa nini hakupiga kelele. Alikuwa anamkunja mjukuu wake mdogo miguu. "Nilisema," akanijibu. "Nilisema mara moja. Mlitaka niseme mara ngapi?"

Kisha akanifundisha. Alinishika mkono, akauweka juu ya mto wa kochi, akaonyesha mji unatakiwa uwe wapi siku ya kwanza, siku ya tatu, siku ya saba, siku ya kumi, akishusha kidole kimoja kimoja. Nikamuuliza yeye alifundishwa na nani. Akataja jina la mkunga wa Pangani aliyemzalisha mama yangu, akataja na mwalimu wa mkunga huyo. Nimeyaandika yote mawili kwenye daftari langu la kazi, na tarehe.

Ile doti imefuliwa mara nne. Doa limegoma kutoka upande mmoja, karibu na maandishi. Shangazi alitaka ichomwe. Dada amekataa, ameikata vipande na mtoto anaikojolea kila siku.